Matunda ya Uchunguzi ni Haki ya Nani?

Mtu aulizwapo swali akajibu, hutoa kitu. Hatoi fedha wala nafaka, na kwa sababu hiyo aulizaye huondoka akidhani kwamba hakuchukua chochote. Katika makala haya twataka kulitazama wazo hilo kwa makini, kwa kuwa sisi walimu wa lugha tumo miongoni mwa watu wanaouliza sana na kurudisha kidogo. Swali letu ni hili: chuo kinapochunguza maisha ya watu, matunda ya uchunguzi huo ni haki ya nani? Ni haki ya mchunguzi aliyetaabika, ya chuo kilichogharimia, ya elimu ya dunia nzima, au ya yule aliyeulizwa?

Swali hili haliwahusu wanavyuo peke yao. Kila mwalimu aliyepata kumtuma mwanafunzi kwa bibi yake akakusanye methali, vitendawili au majina ya miti, amekwisha kuingia katika kazi ya uchunguzi, hata kama hakuiita kwa jina hilo. Lakini ili hoja yetu ipate mahali pa kusimama, tumechagua mfano mmoja ulio karibu nasi, nao ni Makerere ya zamani, ilipokuwa bado chuo kidogo juu ya kilima cha Kampala.

Chuo cha Makerere kilianza mwaka 1922 kikiwa shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, waliofunzwa useremala, ujenzi na ufundi wa mitambo. Mwaka 1949 kilipandishwa kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kiliungana na vyuo vya Nairobi na Dar es Salaam kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea. Sisi twazungumzia hasa miaka ile ya katikati, yaani miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, ambapo wanafunzi wake wote hawakufikia idadi ya wanafunzi wa shule moja kubwa ya sekondari ya siku hizi.

Hata hivyo, mtu akiyatazama mambo yaliyochunguzwa pale atastaajabia upana wake. Madaktari wa hospitali ya Mulago, waliokuwa pia walimu wa chuo, walichunguza magonjwa ya watoto. Wataalamu wa kilimo walikuwa na shamba lao huko Kabanyolo. Taasisi ya Afrika Mashariki ya Uchunguzi wa Jamii, iliyoongozwa na Audrey Richards tangu mwaka 1950, ilipeleka watu wake katika nchi mbalimbali: Lloyd Fallers akaandika juu ya utawala wa Busoga, Aidan Southall juu ya jamii ya Waalur, na vitabu vyao vyote viwili vikatoka mwaka 1956. Margaret Trowell, aliyeanzisha mafundisho ya sanaa chuoni hapo katika miaka ya 1930, alishirikiana na Klaus Wachsmann wa Jumba la Makumbusho la Uganda kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1953 juu ya kazi za mikono na ala za muziki za nchi hiyo. Na kwa jambo ambalo walimu wengi wa Kiswahili hawalikumbuki, tangu mwaka 1952 Makerere ilikuwa pia makao ya Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki.

Upana huu haukutokana na utajiri. Kwa maoni yetu ulitokana na udogo wenyewe. Katika chuo kikubwa kila idara huwa na jengo lake, na daktari aweza kufa asikutane na mwanasanaa. Katika chuo kidogo watu hukaa kilima kimoja, na hawa wawili waweza hata kuwa mtu na mkewe: Margaret Trowell aliyechunguza vyombo vya nyumbani alikuwa mke wa Hugh Trowell, daktari aliyechunguza maradhi ya watoto waliolishwa kwa vyombo hivyo. Tena maisha ya watu hayakugawanyika kwa idara. Ugonjwa wa mtoto humpeleka mchunguzi jikoni, jikoni kukampeleka shambani, shamba likampeleka kwenye ndoa na urithi, na yote hayo yakampeleka kwenye lugha. Chuo kidogo kikiwa karibu na watu hakiwezi kukwepa kuchunguza mengi.

Basi tuanze na jikoni. Ugonjwa wa kwashiakoo uliingia katika vitabu vya tiba katika miaka ya 1930 kwa kazi ya daktari Cicely Williams huko Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana. Jina lenyewe alilipata kwa wenyeji, Wagaa, nao walilitumia kwa maradhi yampatayo mtoto anapopishwa na mdogo wake anayefuata. Kule Uganda Waganda walikuwa na neno lao, obwosi, na walilihusisha na mimba mpya ya mama ambaye bado ananyonyesha. Tazameni ajabu hiyo: watu wawili walio mbali sana, wasiojuana, waliuona ugonjwa pale pale unapoanzia, yaani wakati mtoto anapoachishwa ziwa. Trowell na wenzake wawili, Davies na Dean, waliandika kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo mwaka 1954. Wakaeleza kwa kirefu jinsi ukosefu wa chakula cha kujenga mwili unavyomdhoofisha mtoto hata akawa na ndizi tele tumboni. Elimu ya chuo ilifika mbali kuliko elimu ya akina mama. Lakini haikuanza bila wao, kwa kuwa ni wao waliowaleta watoto, wakasimulia, wakajibu.

Je, jibu lilirudi kwao? Kwa sehemu lilirudi. Mwaka 1965, katika eneo la Mulago, kilianzishwa kituo cha lishe kilichoitwa Mwanamugimu, maana yake kwa Kiganda ni mtoto mwenye siha. Pale mama hakupewa dawa akaambiwa aende zake. Alikaa na mwanawe, akafundishwa kupika kitobero, chakula cha mchanganyiko kinachotiwa maharagwe, karanga au samaki pamoja na ndizi au viazi, na kikapikwa kwa mvuke ndani ya majani ya migomba kama ilivyo desturi ya kwao. Maneno yote ya mafundisho hayo yalikuwa maneno ya mama mwenyewe, na vyombo vilikuwa vile vile vya nyumbani kwake. Sisi twaona kwamba kituo kile kilitimiza jambo ambalo kitabu cha mwaka 1954, pamoja na ubora wake wote, kisingaliweza kulitimiza peke yake.

Mfano wa pili ni wa daktari mpasuaji, Denis Burkitt. Mwaka 1957 Trowell alimwita aje kumtazama mtoto mmoja aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Uvimbe wa namna hiyo haukuwa mgeni nchini. Daktari Albert Cook wa hospitali ya Mengo alikuwa ameuchora katika daftari zake miongo mingi kabla. Lakini hakuna aliyekuwa ameuliza kwa nini. Burkitt aliuliza. Alieleza aliyoyaona katika maandishi ya mwaka 1958, akapeleka picha na maswali kwa barua katika hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961, pamoja na madaktari wenzake wawili, akaingia katika gari kuukuu na kusafiri kiasi cha maili 10,000, akipita hospitali baada ya hospitali na kuuliza swali lile lile: je, hapa mnauona uvimbe huu? Hakuwa na chombo cha thamani. Alikuwa na ramani, kalamu na subira. Ramani ilipojaa ilionyesha kwamba saratani ile hufuata joto na mvua, wala haionekani katika nchi za baridi za milimani. Vipande vya uvimbe vilivyopelekwa London kwa ndege kutoka Kampala ndivyo vilivyomwezesha Anthony Epstein na wenzake, mwaka 1964, kuona virusi ambavyo baadaye vilitambuliwa kuwa vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hapa haki ya matunda ilikwenda wapi? Ugonjwa uliitwa kwa jina la Burkitt, na virusi kwa jina la Epstein na la mwenzake Barr. Hatuwaonei kijicho; walifanya kazi. Lakini yafaa kukumbuka kwamba mtoto yule wa mwaka 1957 hana jina katika habari hii. Kilichotufariji ni jambo jingine: dawa zilijaribiwa pale pale Mulago, watoto wengi wakapata nafuu kubwa, na mwaka 1967 kikafunguliwa Kampala kituo cha kutibu saratani hiyo, ambacho ndicho asili ya Taasisi ya Saratani ya Uganda. Jina lilikwenda ng'ambo, lakini tiba ilibaki nyumbani. Kwa mizani yetu, kati ya hayo mawili tiba ni nzito zaidi.

Mfano wa tatu hautufariji vivyo hivyo. Mwaka 1954 Audrey Richards alihariri kitabu juu ya wafanyakazi wageni waliokuja Buganda kulima pamba na kahawa, wengi wao wakitoka Rwanda na Burundi, nchi ambazo wakati ule zilitawaliwa pamoja na Wabelgiji. Baadhi ya wasomaji wetu ni wajukuu wa watu hao waliopita njia zile kwa miguu. Ni kitabu cha maana. Kinaonyesha safari yao, kazi zao, makazi yao, na jinsi baadhi yao walivyopata viwanja na kugeuka kuwa wenyeji. Lakini kiliandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu na watawala. Mfanyakazi aliyeketi jioni baada ya kupalilia shamba la mtu, akaulizwa ametoka wapi, analipwa kiasi gani na ana wake wangapi, alitoa maisha yake yakaandikwa katika lugha asiyoijua na kuwekwa mahali asipofika. Hatumlaumu Richards, ambaye alikuwa mchunguzi hodari. Twasema tu kwamba deni lilibaki.

Neno uchunguzi lenyewe, ambalo siku hizi limelipisha neno utafiti, lina udugu na neno kuchungulia. Achunguliaye dirishani huwaona waliomo ndani bila wao kumwona. Hii ndiyo hatari ya kazi yetu. Mchunguzi na mpelelezi huuliza maswali yanayofanana, huandika katika daftari zinazofanana, na pengine hupewa kiti na maji ya kunywa kwa ukarimu ule ule. Tofauti yao huonekana baadaye. Mpelelezi akiisha kupata habari haonekani tena. Mchunguzi hana budi kurudi.

Wapo watakaotupinga. Watasema kwamba elimu ina thamani yake yenyewe, na kwamba tukidai kila uchunguzi urudi kijijini tutawalazimisha wasomi kuchunguza tu mambo yenye faida ya leo na kesho. Pingamizi hili ni zito, nasi twalijibu kwa mfano wa nne, ulio wetu kabisa.

Katika miaka ile ya 1950, wakati ambapo Kiswahili hakikupendwa sana Buganda, Kamati ya Kiswahili, chini ya usimamizi wa Wilfred Whiteley, ilitoa kutoka Kampala mfululizo wa vijitabu juu ya lahaja za pwani: Kimtang'ata mwaka 1956, Kivumba mwaka 1957, lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958. Mkulima wa Masaka angaliuliza: Kimtang'ata kinanifaa nini? Asingalipata jibu. Lakini leo mwalimu anayetaka kujua Kiswahili kilivyosemwa na wazee wa Mrima, kabla ya redio na shule kukifanya kiwe kimoja, hunufaika na vijitabu hivyo. Kamati hiyo hiyo ilichapisha mwaka 1957 utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini juu ya vita vya Maji Maji, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 ikachapisha maisha ya Tippu Tip aliyoyaeleza mwenyewe. Maandishi haya mawili yalikuwa yamekwisha kuchapishwa Berlin pamoja na tafsiri ya Kijerumani, lile la Tippu Tip mwanzoni mwa karne ya 20 na lile la Maji Maji mwaka 1933. Yalikuwa yametoka kwetu yakakaa ugenini. Kwa kuyachapisha tena, kamati haikuvumbua kitu kipya. Iliyarudisha Afrika Mashariki. Baadaye kamati yenyewe ilihamia Mombasa, kisha Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 ikawa taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ambayo wengi wetu tuliifahamu kwa jina la TUKI.

Basi jibu letu kwa wapinzani ni hili. Hatudai kwamba uchunguzi uwe na faida ya papo hapo. Faida aijua Mungu. Yaweza kuja baada ya miaka 30, tena kwa mtu asiyetazamiwa. Tunachodai ni kwamba matokeo yarudishwe, yawe na faida au yasiwe nayo, mahali yalipotoka na kwa lugha ya huko. Mchunguzi hawezi kuagiza faida, lakini kurudisha kumo ndani ya uwezo wake.

Lugha ndiyo iliyokuwa mlango uliofungwa. Mwezi Juni mwaka 1962 ulifanyika Makerere mkutano mashuhuri wa waandishi wa Afrika, lakini wa wale walioandika kwa Kiingereza. Walikuja Chinua Achebe, Wole Soyinka, na kijana mwanafunzi wa chuo hicho aliyekuja kujulikana kama Ngũgĩ wa Thiong'o. Shaaban Robert, aliyekuwa ameandika mashairi, insha na hadithi nyingi kwa Kiswahili, hakualikwa, kwa kuwa lugha yake haikuwa katika masharti. Alifariki dunia mwezi huo huo. Chuo kilichokuwa na Kamati ya Kiswahili nyumbani mwake kwa miaka mingi kilifanya karamu ya maandiko ya Afrika bila kumtengea kiti mwandishi mkubwa kuliko wote wa Kiswahili wa zama zile. Ngũgĩ mwenyewe alilitaja kosa hilo baadaye. Tunalitaja nasi si kwa kutonesha kidonda, bali kwa kuonyesha kwamba upana wa uchunguzi hautoshi. Chuo chaweza kujua mengi juu ya watu na bado kisizungumze nao.

Tukiisha kusema hayo juu ya wengine, haki yatudai tujiseme na sisi. Miaka kadhaa iliyopita tuliwatuma wanafunzi wa kidato cha tatu kwenye mwalo mmoja wa Ziwa Viktoria wakakusanye maneno ya uvuvi. Walipokewa vizuri na mzee mmoja aliyezijua nyavu tangu utoto na aliyejifunza Kiswahili chake katika mashua za Kisumu. Alikaa nao siku mbili. Wanafunzi walirudi na daftari lililojaa, wakapewa alama nzuri, nasi tukaliweka daftari kabatini. Mwaka uliofuata tulipeleka kundi jingine. Yule mzee aliwakaribisha kama kwanza, lakini kabla ya kuanza aliwauliza: "Wanangu, yale ya mwaka jana yalikwenda wapi?" Waliporudi wakatusimulia, hatukuwa na la kusema.

Ilitupasa kurudi mara moja. Hatukurudi. Tulikuwa na mitihani, tukawa na uhamisho, na visingizio havikosekani. Tulipokwenda hatimaye na daftari mkononi, mzee alikuwa amekwisha kufariki. Tulimkuta binti yake, mama mtu mzima, akishona nyavu kivulini. Tulimwamkia, tukatoa pole, tukaeleza kilichotuleta, kisha tukamwomba radhi kwa kuchelewa. Alisema, "Haya mwalimu, nisomee basi."

Tukasoma. Alisikiliza bila kuacha kazi yake, akitikisa kichwa mara kwa mara kama mtu asikiaye sauti anayoijua. Tulipofika ukurasa wa nne alituzuia. "Hapo mmekosea," akasema. Wanafunzi walikuwa wameandika kwamba chelezo ni kile kizito kinachouzamisha wavu, na chubwi ni kile chepesi kinachouelekeza juu. Walikuwa wamegeuza maneno, nasi tuliosahihisha tukaweka alama ya vyema. Mama yule alicheka, akasema kwamba baba yake asingaliweza kusema hivyo hata usingizini, na kwamba mtu akiufuata uchunguzi wetu wavu wake utasimama kichwa chini.

Pale ndipo tulipofahamu jambo ambalo hatukulipata chuoni tulipokuwa tukisomea ualimu. Tulikuwa tukidhani kwamba kurudisha matunda ya uchunguzi ni hisani, au adabu, au malipo ya wema. Kumbe ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Aliyeulizwa ndiye awezaye kusema kama tulisikia vizuri. Asipopewa nafasi hiyo, kosa letu huchapwa, hunukuliwa na wengine, na mwishowe hufundishwa kama kweli. Kwa hiyo swali letu la mwanzo, kwamba matunda ni haki ya nani, tunalijibu hivi: wenye haki ni wengi, na elimu ya dunia imo miongoni mwao, lakini wa kwanza wa kuonyeshwa ni yule aliyetoa.

Yako mambo ambayo mtu huyaeleza kwa siri, nayo hayafai kutangazwa. Kurudi kwake ndiko kutakakotuwezesha kumwuliza lipi lisemwe na lipi linyamaziwe. Na ikiwa kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa, hapo ndipo kazi ya walimu wa Kiswahili inapoanza. Katika nchi zetu, kutoka Uganda hadi Burundi na mashariki ya Kongo, vimo vyuo vidogo vingi, na kila mwaka wanafunzi wake huandika tasnifu juu ya visima, masoko, ndoa, mihogo na magonjwa ya mifugo. Kurasa mbili za muhtasari kwa Kiswahili chepesi, zikasomwa kwa sauti mbele ya watu walioulizwa, si mzigo mkubwa. Chama chetu chaweza kuanza na shule na vyuo tulivyomo.

Daftari la uvuvi tulilisahihisha pale pale kwa kalamu, chelezo juu na chubwi chini. Mama yule aliomba nakala akawekee wajukuu wa mzee. Tulimnakilia kwa mkono, tukampelekea, na safari hii hatukuchelewa.